Ukipewa Barua ya Tuhuma Hosteli: Mwongozo Kamili wa Kujibu, Kusikilizwa na Kukata Rufaa

Nilipokuwa mwakilishi wa wanafunzi katika kamati ya nidhamu ya hosteli niliona kosa moja likijirudia, na hata leo, kila ninapoombwa kumsaidia mwanafunzi aliyeitwa mbele ya kamati, nalikuta palepale. Mwanafunzi hupokea barua jioni, hujibu usiku huohuo kwa hasira au kwa hofu, na siku ya kikao hugundua kwamba maneno yake mwenyewe ndiyo ushahidi mzito kuliko wote. Wengine huomba msamaha kwa kosa ambalo hawakutenda, wakidhani unyenyekevu utalimaliza jambo. Wengine hukana kila kitu, hata lile lililoonwa na watu kumi, na kwa sababu hiyo hawaaminiwi hata pale wanaposema kweli.

Kanuni za hosteli hutofautiana kati ya chuo na chuo, lakini safari ya shauri la nidhamu hufanana karibu kila mahali: taarifa ya tuhuma, maelezo ya mtuhumiwa, kikao, uamuzi na rufaa. Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, wa mwanafunzi anayedaiwa mambo mawili: kukutwa na mgeni chumbani saa 5:40 usiku ilhali wageni hutakiwa kuondoka saa 4:00, na kumtolea mlinzi lugha ya matusi.

## Vitu vya kukusanya kabla ya kuandika neno lolote

- Barua ya tuhuma yenyewe, pamoja na bahasha au barua pepe iliyoileta, kwa sababu tarehe ya kupokea ndiyo inayoanzisha hesabu ya siku zako.
- Kanuni za nidhamu za chuo, na kanuni za hosteli. Mara nyingi hizi ni nyaraka mbili tofauti, na wanafunzi wengi husoma moja tu.
- Mkataba wa chumba uliousaini ulipopangiwa.
- Fomu ya ukaguzi wa chumba ya siku uliyoingia na picha ulizopiga siku hiyo, ikiwa tuhuma inahusu uharibifu.
- Ratiba yako ya vipindi na mitihani.
- Daftari moja kwa ajili ya shauri hili peke yake.
- Mtu mmoja mtulivu unayemwamini, ambaye hakuwapo kwenye tukio na hatakuwa shahidi, atakayesoma maelezo yako kabla hujayapeleka.

Fungua daftari hilo kwa kuandika lile unalokumbuka: saa, mahali, nani alikuwapo, nani alisema nini, kwa mfuatano. Hayo hayaendi kwa kamati. Ni kumbukumbu yako, na thamani yake inatokana na kuandikwa mapema, kabla hujasikia masimulizi ya wengine yakachanganyika na yako.

## Hatua ya 1: Pokea barua, lakini usiijibu siku hiyo

Ukiletewa barua, ipokee na usaini. Saini ya kupokea si kukiri kosa. Ikiwa una wasiwasi, andika kando ya saini yako neno "Nimepokea" pamoja na tarehe na saa. Kukataa barua hakukusaidii chochote, kwa maana aliyeileta ataandika kwamba umekataa, siku zitaendelea kuhesabika, na utakuwa umewapa wajumbe picha ya mtu asiyeshirikiana nao.

Isome mara tatu. Mara ya kwanza utaisoma kwa moyo unaodunda, na hutaelewa nusu yake. Mara ya pili, siku inayofuata, tafuta mambo haya: tukio lilitokea tarehe gani, saa ngapi na wapi, unadaiwa kufanya nini hasa, kifungu gani cha kanuni kinatajwa, mwisho wa kujibu ni lini, na ni nani aliyesaini. Mara ya tatu, hesabu tuhuma. Barua yenye aya moja inaweza kubeba tuhuma tatu, na ile ambayo hukuijibu inaweza kuchukuliwa kuwa umeikubali.

Ikiwa barua inasema tu kwamba umeonyesha "utovu wa nidhamu", bila tarehe, bila kitendo na bila kifungu, andika mara moja kwa adabu ukiomba ufafanuzi: "Ili niweze kujibu ipasavyo, naomba kufahamishwa tarehe na saa ya tukio, kitendo ninachodaiwa kukifanya, na kifungu cha kanuni kinachohusika." Omba pia siku za kujibu zihesabiwe tangu utakapopata ufafanuzi huo. Ombi hilo si ukaidi. Mwaka 1961 mahakama ya rufaa nchini Marekani, katika shauri la Dixon dhidi ya Bodi ya Elimu ya Jimbo la Alabama, iliamua kwamba chuo cha umma hakiwezi kumfukuza mwanafunzi kwa utovu wa nidhamu bila kumpa taarifa ya tuhuma na nafasi ya kusikilizwa, na msingi huohuo, kwamba mtu hahukumiwi kabla hajajua anatuhumiwa nini, umo katika sheria za nchi nyingi.

Tahadhari. Ukimya ni jibu baya kuliko yote. Kanuni nyingi zinairuhusu kamati kuendelea bila wewe usipojibu wala kufika.

Utajua umefaulu pale utakapoweza kuitaja kila tuhuma kwa sentensi moja, pamoja na namba ya kifungu chake na tarehe ya mwisho ya kujibu.

## Hatua ya 2: Kivunje kifungu vipande vipande

Hapa ndipo mashauri mengi hushindwa au kushinda, na hapa ndipo wanafunzi hutumia muda mchache kuliko popote. Mwanafunzi huijibu barua kana kwamba anamjibu mtu aliyemkosea, ilhali kamati inatakiwa kujiuliza swali moja kavu: je, yaliyotajwa katika kifungu yametimia?

Tuseme kifungu kinasomeka hivi: "Mkazi hataruhusiwa kuwa na mgeni chumbani baada ya saa 4:00 usiku bila kibali cha maandishi cha msimamizi." Ili kosa litimie, ni lazima mambo matano yawepo kwa pamoja. Kuwe na mtu mwingine. Mtu huyo awe mgeni kwa maana iliyotolewa na kanuni. Awe ndani ya chumba. Iwe baada ya saa 4:00. Na kusiwe na kibali. Yaandike matano hayo kwenye daftari, moja chini ya jingine, kisha mbele ya kila moja andika ukweli unaoujua wewe.

Usilipuuze neno "mgeni". Kurasa za mwanzo za kanuni mara nyingi huwa na sehemu ya tafsiri ya maneno, na huko unaweza kukuta kwamba mgeni ni mtu asiye mkazi wa jengo, au asiye mkazi wa chumba hicho, au asiye mwanafunzi wa chuo. Tafsiri hizo tatu zinaweza kuleta hukumu tatu tofauti kwa tukio moja. Chumba kikiwa cha watu wawili, tazama pia kama kanuni inamwajibisha aliyemwalika mgeni au wakazi wote waliomo.

Angalia mambo mengine mawili. La kwanza ni toleo la kanuni: linalokuhusu ni lile lililokuwa likitumika siku ya tukio, si lililotolewa baadaye. La pili ni mamlaka. Katika vyuo vingi msimamizi wa hosteli anaweza kutoa onyo au kudai fidia, lakini kukusimamisha masomo au kukufukuza chuo ni kazi ya chombo cha juu zaidi. Kupoteza chumba na kupoteza nafasi ya masomo ni mambo mawili tofauti, na barua ikiyachanganya una haki ya kuuliza.

Neno moja kuhusu makosa ya usalama wa moto. Mwanafunzi aliyefunika kitambua moshi kwa mfuko wa plastiki, au aliyepikia chumbani kwa jiko la umeme lililokatazwa, hujitetea kwamba hakuna kilichoungua. Utetezi huo hauna nguvu, kwa sababu kosa hutimia pale kifaa kinapofunikwa au jiko linapowashwa. Kanuni hizo zipo kwa ajili ya watu waliolala vyumba vya jirani, ambao hawakuulizwa kama wanakubali kuingizwa katika hatari hiyo, na kamati nyingi huyatazama makosa hayo kwa ukali kuliko kelele au mgeni. Ikiwa umefanya hivyo, ruka moja kwa moja kwenye sehemu ya kukiri katika Hatua ya 4.

Utajua umefaulu ukiweza kusema: "Katika mambo matano, manne ni kweli, na moja lina mgogoro." Shauri lako lote liko kwenye hilo moja.

## Hatua ya 3: Hifadhi ushahidi kabla haujapotea

Ushahidi wa hosteli hauishi muda mrefu. Mifumo mingi ya kamera za ulinzi hufuta picha za zamani ili kupisha mpya, na daftari la wageni getini likijaa hupelekwa stoo. Kwa hiyo, ndani ya siku mbili tatu za kwanza, andika kwa msimamizi ukiomba picha za kamera za ukorida fulani, tarehe fulani, kuanzia saa fulani hadi saa fulani, zihifadhiwe hadi shauri litakapokwisha. Taja saa kwa usahihi. Ombi la "picha zote za wiki ile" hukataliwa kirahisi. Hata kama hutapewa picha hizo mkononi, umeacha alama kwamba uliziomba mapema, na jambo hilo litakufaa wakati wa rufaa.

Picha ulizopiga kwa simu zihifadhi kama zilivyo. Faili ya asili hubeba tarehe na saa iliyopigwa, na programu nyingi za ujumbe huondoa taarifa hizo picha inapotumwa kwa njia ya kawaida. Tuma faili yenyewe kwa barua pepe. Mazungumzo ya simu yapige picha ya skrini yakionyesha jina, tarehe na mfuatano kamili, bila kukatakata. Mjumbe akigundua kwamba umeficha ujumbe mmoja katikati, mingine yote inapoteza thamani.

Shahidi wako aandike mwenyewe, kwa maneno yake, lile aliloliona kwa macho na kulisikia kwa masikio, kisha asaini na kuweka tarehe. Usimwandikie. Nimeona maelezo ya watu watano yaliyofanana hadi makosa ya tahajia, na kamati haikuhitaji dakika kumi kuyaweka kando.

Tahadhari. Usimfuate aliyekulalamikia, wala usimtume rafiki kwake, hata kwa nia njema ya kuomba radhi. Kumfuata kunaweza kugeuka tuhuma mpya ya kumtisha shahidi, ambayo huwa nzito kuliko ya kwanza. Usiandike lolote kuhusu shauri kwenye makundi ya wanafunzi. Na usifute ujumbe wowote, hata ule unaokuumiza.

## Hatua ya 4: Amua unakubali nini na unakana nini

Gawa ukurasa wa daftari mafungu matatu: nakubali, nakana, sikumbuki. Kila kipande ulichokipata katika Hatua ya 2 kiingie katika fungu moja. Fungu la tatu si aibu. "Sikumbuki saa kamili" ni jibu la kweli na linaheshimika, mradi usilitumie kwa kila swali.

Kumbuka kwamba kamati za vyuo vingi hazitafuti uhakika usioacha shaka yoyote kama mahakama ya jinai. Hupima ni lipi lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli. Ndiyo maana kusema "hawawezi kuthibitisha" hakutoshi. Unapaswa kueleza nini kilitokea, ili wajumbe wawe na masimulizi ya pili ya kulinganisha na yale ya mlalamikaji.

Ikiwa ulifanya, kiri mapema. Mimi sishauri hivi kwa sababu ya upole tu. Mwanafunzi anayekiri jambo la kweli, akaeleza hatua aliyokwisha kuichukua kulirekebisha, huijia kamati akiwa mtu anayeaminika, na kuaminika huko ndiko kunakolinda sehemu nyingine ya maelezo yake, ile anayoikana. Katika mfano wetu, mwanafunzi anayekubali suala la mgeni ana nafasi nzuri zaidi ya kusikilizwa anapokana suala la matusi.

Lakini usikiri ambalo hukulifanya ili jambo liishe. Onyo la maandishi hubaki kwenye jalada lako, na siku ukipata tuhuma ya pili, ile ya kwanza itasomwa kuwa ya kweli. Usimfunike mwenzako wa chumbani pia. Huo si udugu, kwa maana utabeba adhabu ya kosa usilolijua undani wake.

Tahadhari kubwa. Ikiwa tuhuma ni ya wizi, dawa za kulevya, kumjeruhi mtu au ukatili wa kingono, inaweza pia kufika polisi, na maneno utakayoiandikia kamati yanaweza kusomwa mahali pengine. Muone mwanasheria au kituo cha msaada wa kisheria kabla ya kuandika chochote, na iandikie kamati ukiomba muda kwa sababu hiyo. Chuo kikikuhamisha chumba kwa muda wakati uchunguzi unaendelea, hama. Hatua ya muda si hukumu, na kuikaidi ni kosa jipya.

## Hatua ya 5: Andika maelezo yako

Kurasa mbili zinatosha kwa mashauri mengi. Juu weka jina lako, namba ya usajili, namba ya chumba, kumbukumbu namba ya barua unayoijibu na tarehe. Kisha jibu tuhuma moja moja, kila moja chini ya kichwa chake, kwa mpangilio uleule wa barua ya tuhuma. Mjumbe anayesoma majalada manne kwa asubuhi moja atakushukuru kwa hilo.

Kwa mfano wetu, kiini cha maelezo kinaweza kuwa hivi:

"Tuhuma ya kwanza. Nakubali kwamba tarehe iliyotajwa, saa 5:40 usiku, mtu asiye mkazi wa jengo alikuwa chumbani mwangu, na kwamba sikuwa na kibali cha maandishi. Alisaini daftari la wageni saa 2:15 usiku, akaja tukafanya kazi ya kikundi iliyotakiwa kuwasilishwa kesho yake. Nilijua kwamba saa 4:00 imepita na sikumwomba aondoke. Hilo ni kosa langu.

Tuhuma ya pili. Nakana kumtukana mlinzi. Mlinzi alipofungua mlango nilimwambia kwa sauti kubwa, 'Kwa nini unafungua kabla sijajibu?' Sikutamka neno la tusi. Mwenzangu wa chumbani alikuwapo, na maelezo yake ni Kielelezo C. Barua ya tuhuma haikutaja neno ninalodaiwa kulitamka; naomba litajwe ili niweze kulijibu."

Tazama jinsi maelezo hayo yalivyojengwa. Tuhuma ya kwanza imekubaliwa bila visingizio, lakini sababu ya mgeni kuwapo imeelezwa na inaweza kuhakikiwa katika daftari la getini. Katika tuhuma ya pili mwandishi hakuficha kwamba alipaza sauti, jambo ambalo majirani walilisikia. Hakumshambulia mlinzi wala kudai kwamba mlinzi ana chuki naye. Alichofanya ni kutenganisha sauti kubwa na tusi, kwa sababu kifungu kinakataza tusi.

Mazingira ya kupunguza adhabu yaweke mwisho, katika aya yake: kwamba ni kosa la kwanza, kwamba ulikuwa na ugonjwa au msiba wenye uthibitisho, kwamba umekwisha kulipia kitasa ulichovunja. Usiyachanganye na utetezi. Anayeandika "sikufanya, na hata kama nilifanya nilikuwa na msongo wa mawazo" amejibu mara mbili, na majibu hayo mawili yanapingana.

Ukiomba radhi, taja unaomba kwa lipi. "Naomba radhi kwa kumruhusu mgeni kubaki baada ya muda" ni radhi. "Naomba radhi kwa yote yaliyotokea" ni kukiri hata tuhuma uliyoikana aya moja juu.

Vielelezo vipe herufi, A, B, C, na vitaje ndani ya maelezo. Mwache yule mtu mtulivu asome, kisha mwulize swali moja: "Nimekubali nini na nimekana nini?" Akishindwa kujibu, andika upya. Ukishapeleka, hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa, au una barua pepe inayoonyesha siku na saa uliyotuma.

## Hatua ya 6: Siku ya kikao

Ikiwa tarehe inagongana na mtihani au unaumwa, omba kuahirishiwa kwa maandishi kabla ya siku yenyewe na ambatisha uthibitisho. Kutofika kisha ukaeleza baadaye ni njia ngumu zaidi.

Uliza mapema kama unaruhusiwa kuwa na msindikizaji, na kama anaruhusiwa kusema au kukaa kimya tu. Hata msindikizaji wa kimya ana faida: anaandika yanayosemwa wakati wewe unajibu, na mara nyingi daftari lake ndilo litakalokusaidia kwenye rufaa.

Mwanzoni kabisa, mwenyekiti anapowatambulisha wajumbe, angalia kama kuna aliyekulalamikia, aliyefanya uchunguzi, au mwenye uhusiano wa karibu na mmoja wao. Mtu hapaswi kuwa hakimu katika jambo linalomhusu. Sema wakati huo, kwa utulivu: "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kueleza wasiwasi wangu kuhusu ushiriki wa mjumbe huyu, kwa sababu ndiye aliyeandika taarifa ya tukio." Omba pingamizi lako liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Ukinyamaza hadi hukumu itoke ndipo ulalamike, utaulizwa kwa nini hukusema mapema.

Ukiulizwa swali, jibu lililoulizwa, kisha nyamaza. Ukimya baada ya jibu humfanya mtu mwenye wasiwasi aendelee kuongea, na katika kuongea huko ndipo saa 5:40 inapogeuka saa 6:00. Ninaweza kusema kwa uzoefu kwamba wajumbe hupima zaidi kama maneno yako ya mdomo yanalingana na maelezo uliyoyaandika kuliko ufasaha wako wa kuzungumza. Usipoelewa swali, omba lirudiwe.

Kama unaruhusiwa kumuuliza shahidi, pitisha maswali kwa mwenyekiti, yawe mafupi, na yahusu lile moja lenye mgogoro. Kwa mlinzi wa mfano wetu, matatu yanatosha: alisimama umbali gani, alisikia neno gani hasa, na kwa nini neno hilo halimo katika taarifa aliyoiandika usiku ule. Usimuulize kuhusu tabia yake. Katika mashauri ya ukatili wa kingono, vyuo vingi huweka utaratibu maalumu ili pande mbili zisikabiliane ana kwa ana. Ufuate bila kubishana, kwa kuwa unamlinda mtu ambaye huenda ameumizwa, na hautakuondolea haki yako ya kuleta maswali kwa maandishi.

Ukipewa nafasi ya mwisho, tumia dakika mbili. Taja ulilolikubali, ulilolikana, kielelezo kinachokuunga mkono, na adhabu unayoiona inalingana na kosa.

Utajua umefaulu ikiwa umetoka bila kuongeza tuhuma mpya, na pingamizi zako zote zimeandikwa.

## Hatua ya 7: Soma uamuzi kwa makini

Adhabu za hosteli kwa kawaida hupanda kwa ngazi: onyo la mdomo, onyo la maandishi, kulipa fidia, kufanya kazi ya jamii, kuhamishwa chumba, kuondolewa hosteli, na kwa makosa mazito kusimamishwa masomo au kufukuzwa. Linganisha adhabu uliyopewa na ile iliyotajwa katika kifungu, na uangalie kama chombo kilichoitoa kina mamlaka nayo.

Barua ya uamuzi inapaswa kutaja tuhuma ipi imethibitika, kwa ushahidi gani, na kwa nini adhabu hiyo imechaguliwa. Isipokuwa na sababu, ziombe kwa maandishi siku hiyohiyo, kwa maana huwezi kukata rufaa dhidi ya sababu usizozijua. Ikiwa ni fidia, omba mchanganuo wa gharama. Ikiwa mmetozwa ukorida mzima kwa sababu aliyevunja hakupatikana, uliza kifungu kinachoruhusu kuwajibishana kwa pamoja. Katika mikataba mingine ya chumba kimo, na ulikisaini.

## Hatua ya 8: Kata rufaa kwa sababu, si kwa uchungu

Dirisha la rufaa huwa fupi. Hakikisha kama siku zilizotajwa ni za kazi au za kalenda, na zinaanza kuhesabiwa siku ya uamuzi au siku ya kuupokea.

Kuna sababu nne ambazo vyombo vya rufaa huzisikiliza karibu kila mahali. Utaratibu ulikiukwa, kwa mfano hukupewa taarifa ya kutosha, au mlalamikaji alikaa kama mjumbe. Kuna ushahidi mpya ambao usingeweza kuupata kabla ya kikao. Uamuzi hauungwi mkono na ushahidi uliokuwapo. Au adhabu imezidi kosa. Chagua zile unazoweza kuzithibitisha. Rufaa yenye sababu mbili zilizojengwa vizuri ina uzito kuliko yenye tisa zilizorundikwa. Kurudia masimulizi yote ya tukio ni kupoteza nafasi, kwani chombo cha rufaa kwa kawaida hakisikilizi shauri upya. Kinaangalia kama lilisikilizwa sawasawa.

Chini ya kila sababu weka mambo matatu: kifungu kilichokiukwa, kielelezo kinachoonyesha hivyo, na jinsi ukiukwaji huo ulivyobadilisha matokeo. Hilo la tatu husahaulika sana. Kuchelewa kwa barua kwa siku moja hakutengui uamuzi ikiwa ulipata muda wa kujiandaa. Kuchelewa kulikokuzuia kumleta shahidi pekee ni jambo jingine.

Katika barua hiyohiyo, omba adhabu isitekelezwe hadi rufaa isikilizwe, hasa ikiwa umeamriwa kuondoka hosteli katikati ya mitihani. Usidhani kwamba kukata rufaa peke yake kunasimamisha adhabu.

Ngazi za ndani zikiisha, tazama kilichopo nje ya chuo. Katika England na Wales kipo chombo huru cha malalamiko ya wanafunzi, kinachojulikana kwa kifupi kama OIA, na kwa kawaida mwanafunzi ana miezi 12 ya kukifikia tangu chuo kimpe barua ya kumaliza taratibu za ndani. Katiba ya Tanzania, ibara ya 13(6)(a), inataja haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 47, inampa mtu ambaye haki yake au uhuru wake wa msingi umeathiriwa, au unaelekea kuathiriwa, na hatua ya kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Mahakama, kwa jumla, hutaka kuona kwamba umemaliza kwanza njia za ndani. Weka nakala ya kila barua.

## Hatua ya 9: Funga jalada

Ukiwa umepewa adhabu na rufaa imekwisha, itekeleze kwa tarehe iliyowekwa, tunza risiti, na omba barua fupi inayothibitisha kwamba umemaliza. Uliza pia onyo litabaki kwenye jalada kwa muda gani na nani anaruhusiwa kulisoma, hasa kama unategemea ufadhili, mkopo au kibali cha kuishi nchini kinachotegemea hadhi yako ya uanafunzi. Ukiondolewa hosteli, usikabidhi funguo mkono kwa mkono bila maandishi: kagua chumba pamoja na msimamizi, piga picha kuta, godoro, kitasa na dirisha, sainini fomu ya ukaguzi nyote wawili, na uondoke na nakala yako.